Chunjua za Sehemu za Siri: Je, ni Maradhi ya Zinaa?

Mtu aonapo kijinyama kimeota katika sehemu zake za siri, kwanza huona aibu, kisha hutafuta wa kumlaumu. Katika Kaloleni, mtaa uliojengwa katika miaka ya 1940 na ambako majirani hutumia vyoo vya pamoja, lawama hutupiwa choo upesi. Choo kikiachiliwa, hutupiwa mke.

Choo hakina hatia. Chunjua hizo, ambazo wengine huziita masundosundo, huletwa na virusi viitwavyo papiloma, hasa aina ya 6 na ya 11, navyo hupita ngozi inapogusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kwa hiyo ni kweli kwamba ni maradhi ya zinaa. Kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi, kwa kuwa haifuniki ngozi yote.

Hata hivyo, chunjua si ushahidi wa uzinzi. Virusi hivyo vyaweza kukaa kimya mwilini kwa majuma, kwa miezi, hata kwa miaka. Mume na mke waliooana miaka mitatu iliyopita waweza kuziona leo, kwa virusi ambavyo mmoja wao alikuja navyo kabla ya arusi, wala hakuna daktari awezaye kupima na kusema ni yupi. Mume amrudishaye mkewe kwao kwa sababu hiyo amehukumu pasipo shahidi.

Wala si kila kijinyama ni chunjua. Vipele vidogo vilivyojipanga safu kuzunguka kichwa cha uume ni maumbile tu. Vinyama bapa vyenye unyevu vyaweza kuwa kaswende, ambayo hupona kwa sindano ya penisilini, na ikiachwa huharibu moyo na ubongo. Ndiyo maana yafaa kumwona daktari, si kujipaka asidi ya betri. Kliniki ya Kasino, karibu na River Road, imejulikana kwa miaka mingi kwa kutibu maradhi ya namna hii. Chunjua huondolewa kwa dawa ya kupaka, kwa baridi kali au kwa kukatwa. Zaweza kurudi, na nyingine hutoweka zenyewe.

Saratani ya mlango wa kizazi huletwa zaidi na aina nyingine, ya 16 na ya 18, ambazo hazioteshi kijinyama cha kuonekana. Kwa hiyo mwanamke asiye na chunjua naye yampasa kupimwa. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 chanjo ya kuzuia virusi hivyo. Kaka zao hawakuwamo katika mpango huo.