Hesabu ya Nyambizi za Australia

Katika chama chetu cha majadiliano niliulizwa kwa nini nchi tajiri kama Australia imechukua miaka mingi kupanga kuongeza nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Jawabu nitalitoa kwa hesabu.

Australia ina nyambizi sita za aina ya Collins, zilizoundwa Adelaide na kuingia kazini kati ya mwaka 1996 na 2003. Msomaji asidhani kwamba zote sita huwa baharini. Chombo hiki hubanwa na uzito wa maji kila kizamapo, kwa hiyo hakina budi kupandishwa chelezoni na kufunguliwa sehemu moja moja. Moja ikiwa kazini, ya pili huwa katika mazoezi au matengenezo madogo, na ya tatu imo chelezoni kwa muda mrefu. Basi sita ni kama mbili.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza kwamba zitakuwa 12. Kuandika 12 ni rahisi. Wakati ule ule mabaharia walikuwa hawatoshi hata kwa zile sita!

Mwaka 2016 walichaguliwa Wafaransa waziunde, ziendeshwe kwa dizeli na betri. Septemba 2021 Australia ilivunja mpango huo, ikashirikiana na Uingereza na Marekani ili ipate nyambizi za nyuklia (mashine zake ndizo za nyuklia, si mabomu). Ufaransa ilikasirika hata ikawaita nyumbani mabalozi wake wa Canberra na Washington, na mwaka 2022 Australia ikakubali kulipa yuro milioni 555.

Kwa nini wakubali hasara hiyo? Nyambizi ya dizeli haina budi kutokeza bomba juu ya maji, ivute hewa na kujaza betri, na hapo ndipo adui aweza kuigundua. Ya nyuklia hukaa chini mpaka chakula cha mabaharia kikaribie kwisha. Tena kutoka kituo chao karibu na Perth, katika Bahari ya Hindi, mpaka Bahari ya China Kusini ni maelfu ya kilometa.

Mpango wa Machi 2023 ni kununua tatu za Marekani, aina ya Virginia, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2030, kisha waunde zao wenyewe. Gharama ilikadiriwa kufika dola za Australia bilioni 368. Lakini viwanda vya Marekani vimekuwa vikichelewesha hata nyambizi za Wamarekani wenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye hatari.

Liko na jambo la watu. Collins huhitaji mabaharia karibu 60. Virginia huhitaji zaidi ya 130. Nyambizi ya kwanza ya kuundwa Adelaide imepangiwa kuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 2040, na wengi wa mabaharia wake hivi sasa wamo darasani, au hata shule hawajaanza.