Vumbi la Tunduma na Sola Zetu



Tunduma, mkoani Songwe, malori ya kwenda Zambia hupanga foleni mpakani, na tangu Mei hadi Oktoba mvua ni haba. Vumbi hulala juu ya paneli za sola, na taa huzimika mapema usiku.

Huku kwetu visiwani mvua hutusaidia kuosha, lakini kunguru hawana adabu. Kinyesi kikiziba pembe moja tu, paneli nzima hupungua nguvu, kwani vipande vyake vimeungwa kwa mfululizo.

Twawasihi muoshe alfajiri, kioo kingali baridi, kwa maji ya mvua na kitambaa laini. Maji baridi juu ya kioo cha moto huweza kukipasua; mchanga hukikwaruza. Betri za maji ziongezwe maji yaliyotoneshwa, si ya kisima, wala si asidi.