Trauti, Samaki Asiyevumilia Maji Machafu

Mtu akaaye Kapseret huvuka Mto Sosiani kila aendapo upande wa pili wa mji wa Eldoret, lakini ni mara chache husimama darajani kuutazama. Yasemekana hata jina la Eldoret limetokana na neno la Kimasai, eldore, maana yake mto wa mawe, kwa ajili ya mawe mengi yaliyomo ndani ya Sosiani. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za samaki mmoja apendaye mto wa namna hiyo, wenye mawe na maji ya kasi. Jina lake ni trauti. Wengi wamelisikia jina hilo, wachache wamemwona mwenyewe, na wengi hudhani kwamba habari zake ni mchezo wa matajiri, wala hazimhusu mkulima. Twataraji kuonyesha kwamba zamhusu sana.

ALIVYOFIKA KWETU

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Wako wa namna mbili waliopandwa katika mito yetu. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, ambaye kwao ni Ulaya. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye utepe mwekundu ubavuni, ambaye kwao ni mito iingiayo katika Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Yule wa upinde wa mvua alifuata mnamo mwaka 1910, akitokea Afrika Kusini. Mayai ya samaki huyu hufa yakipata joto. Basi msomaji na afikiri ilikuwa kazi ya namna gani kuyavusha bahari ya joto, kuyapandisha kutoka pwani hadi bara, na kuyafikisha mlimani yangali hai.

Baadaye trauti walienezwa katika mito ya Mlima Kenya, ya Mau, ya Mlima Elgon na ya Milima ya Cherangani, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kikafanya kazi ya kutotoa vifaranga vyao. Mahali palipowafaa walianza kuzaana wenyewe mtoni, kizazi baada ya kizazi, pasipo msaada wa mtu.

Katika siku za ukoloni uvuvi huu ulikuwa mchezo wa Wazungu. Mwafrika aliyeonekana kando ya mto wa trauti alikuwa amebeba mzigo wa mwingine, au sivyo alidhaniwa kuwa mwizi wa samaki. Siku hizo zimepita, lakini dhana kwamba samaki huyu si wetu imebaki.

Huenda mtu akauliza, samaki wa nchi za baridi awezaje kuishi karibu na ikweta? Jibu ni kimo cha nchi. Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya bahari, na vilele vya Cherangani hupita mita 3,300. Trauti hutaka maji yasiyozidi kiasi cha nyuzi 20 za joto. Yakikaribia nyuzi 25 maisha yake yamo hatarini, kwa maana maji ya moto hayawezi kushika hewa nyingi, naye huhitaji hewa nyingi kuliko samaki wa ziwani kama ngege.

NAMNA YA KUMVUA

Trauti huvuliwa kwa nzi wa manyoya. Huyu si nzi wa kweli, bali ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Mvuvi wa kawaida hufunga chubwi ili mshipi uende mbali na kuzama. Mvuvi wa trauti hana chubwi. Uzito umo katika mshipi wenyewe, naye huurusha nyuma na mbele kwa ufito mrefu mwepesi, mpaka nzi yule atue juu ya maji kama mdudu aliyeanguka kutoka jani. Na tujue kwamba mikono ya Wakenya ni hodari sana katika kufunga nzi hawa. Kazi yao huuzwa Ulaya na Marekani, na wengi wanaoitumia huko hawajui ilikotoka.

Samaki huyu hukaa ameelekeza kichwa juu ya mto, akingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili humjia kwa nyuma, akitoka upande wa chini, akienda polepole bila kutupa kivuli chake majini. Mwenye haraka harudi na kitoweo.

Mwandishi wa habari hizi alipofika mara ya kwanza kwenye kijito kimoja cha Cherangani, alikuwa na hamu ya kurusha mshipi mara moja. Mzee aliyekuwa akimwongoza njia alimshika mkono.

"Ngoja, kijana wangu," akasema. "Kwanza tuliulize jiwe."

"Jiwe lasema nini, mzee?"

Hakujibu. Aliingia majini hata magotini, akainua jiwe la ukubwa wa mkate na kuligeuza. Chini yake palikuwa na wadudu wembamba wenye mikia mitatu, wakikimbia huku na huku, na mabuu wengine waliojijengea vijumba kwa chembe za mchanga. "Hawa ndio posho ya samaki," akasema. "Wakiwapo hawa, naye yupo. Wasipokuwapo, rudi nyumbani."

Maneno hayo yalikuwa kweli. Wadudu wa namna ile hawawezi kuishi katika maji yaliyoharibika. Mahali palipo na takataka na maji machafu ya nyumba hutoweka, na badala yao huja minyoo myekundu ya topeni. Jiwe la mtoni, basi, ni kama daftari: huonyesha hali ya maji kwa miezi mingi iliyopita, si ya siku ile tu.

KWA NINI YAMHUSU MKULIMA

Miongoni mwa mito ya Cherangani itajwayo kwa trauti ni Mto Moiben. Mto huo huo umezuiwa kwa bwawa la Chebara, na kutoka hapo maji husafiri kwa mabomba mpaka mji wa Eldoret. Karani afunguaye mfereji nyumbani kwake anywe maji, anakunywa maji ya mto wa trauti. Msitu wa juu ukikatwa, na udongo ukishuka, wa kwanza kuona taabu ni samaki, na wa pili ni yeye.

Trauti hutaga mayai yake katika changarawe, na mayai hayo huvuta hewa kutoka katika maji yapitayo kati ya vijiwe. Mvua ikichukua udongo wa shamba lililolimwa hadi ukingoni, tope hufunika changarawe na mayai hukosa hewa yakafa. Miti ya kivuli ikiondolewa, jua huyapiga maji moja kwa moja na joto hupanda. Tope lile lile hujaza bwawa, na kusafisha maji kukawa kwa gharama zaidi, gharama ambayo hulipwa na mnywaji.

Msomaji asifikiri kwamba twataka kila mto utiwe trauti. Huyu ni samaki mlaji, naye huweza kuwamaliza samaki wadogo wa asili. Mtu asihamishe vifaranga kwa kujipendea. Tena mwenye kutaka kuvua na aulize kwanza kwa afisa wa uvuvi habari za kibali. Lengo letu ni kwamba palipo na samaki huyu tayari, tumtumie kama shahidi.

Basi mkulima afanye nini? Kwanza, auache ukingo wa mto bila kuulima. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukingo usiopungua mita 6 kila upande, na kwa mito mipana hata mita 30. Mwenye ekari mbili huona uchungu kuacha kipande hicho, nasi hatumlaumu. Lakini nyasi za ukingoni aweza kuzikata akalisha ng'ombe, na udongo ambao ungalikwenda na mto hubaki shambani mwake. Pili, apande miti ya asili ukingoni, wala si mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi. Tatu, na hili ni kubwa kwa sisi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, asioshe mtoni bomba la kunyunyizia dawa ya kupe, wala asimwage mabaki yake humo. Baadhi ya dawa hizo, hata kidogo sana, huua samaki na wadudu wao kwa mwendo mrefu wa mto. Nne, awachimbie ng'ombe mahali pa kunyweshea kando ya mto, wasiingie majini wakavunja kingo.

Sosiani hutelemka kutoka Kaptagat ukiwa maji ya baridi, na huingia Eldoret ukapokea takataka za mji mzima. Kutoka hapo huungana na Kipkarren, kisha na Nzoia, mpaka Ziwa Victoria. Kwa hiyo tulitialo majini hapa, jirani zetu wa Webuye, Mumias na Budalangi hulikuta mbele. Nasi twapaswa kuyaona maji hayo kama mali ya watu wengi, iliyopita mikononi mwetu kwa muda tu.

Jumamosi ijayo, msomaji akiwa na nafasi, na ashuke kwenye kijito kilicho karibu na shamba lake, ainue jiwe moja na kulitazama chini yake. Watoto nao na waende pamoja naye. Akiwakuta wadudu wenye mikia mitatu, na ashukuru, kisha aulinde ukingo wake. Akikuta tope na minyoo myekundu, na atembee akipanda juu kando ya mto, akiinua jiwe baada ya jiwe, mpaka aone mahali uharibifu unapoanzia. Pengine atapakuta kwa jirani, na pengine atapakuta penye mpaka wa shamba lake mwenyewe.