Rubani, Usiyaamini Masikio Yako Mawinguni

JE, msomaji, umewahi kuketi kwenye kiti kile cha ofisini kinachozunguka ukafumba macho? Kama hujawahi, mwombe nduguyo akuzungushe polepole, kwa mwendo ule ule, bila kusita. Mwanzoni utajua vyema unazungukia upande gani. Baada ya muda mfupi utadhani kiti kimesimama. Na kikisimama kweli, utaapa kwamba sasa unazunguka kuelekea upande wa pili!

Nyumbani mchezo huo huwachekesha watoto. Angani, jambo lilo hilo limewaangamiza marubani wengi wa ndege ndogo.

Chanzo ni sikio. Ndani ya kila sikio mna vifereji vitatu vyenye majimaji na vinyweleo vidogo mno. Ili uelewe vinavyofanya kazi, tia maji katika bilauri, nyunyiza majani ya chai, kisha uizungushe. Bilauri inazunguka lakini majani yanabaki nyuma. Endelea, nayo yataifuata. Isimamishe ghafla, na utaona majani yangali yakizunguka. Hivyo ndivyo majimaji ya sikioni yanavyouarifu ubongo, na hivyo ndivyo yanavyoudanganya.

Hapa ardhini macho hulisahihisha sikio. Lakini rubani akiingia mawinguni, au akiruka juu ya bahari usiku wa giza, macho hayana cha kushika. Ndege huweza kuinama upande mmoja polepole asihisi lolote. Akiinyoosha, masikio humwambia kwamba sasa ndiyo inainama, naye huirudisha kule kule kubaya. Ndege hushuka ikizunguka, na kadiri anavyouvuta usukani ili apande, ndivyo mzunguko unavyozidi kubana.

Mwaka wa 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa marubani 20 wasio na ujuzi wa kuruka kwa kutegemea vipimo. Walizuiwa wasione nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178 tu, yaani hata dakika tatu hazikutimia.

Mnamo Julai 16, 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa aliyekuwa rais wa Marekani, alirusha ndege yake usiku juu ya bahari, kukiwa na ukungu, akielekea kisiwa cha Martha's Vineyard. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vipimo. Ndege ilitumbukia baharini, akafa pamoja na mkewe na shemejiye. Wachunguzi walisema alipotewa na hisia za mwelekeo.

Adui wa pili ni uhaba wa oksijeni. Kwenye kilele cha Mlima Kenya, mita 5,199 juu ya bahari, kani ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya Mombasa. Hatari ni kwamba anayekosa oksijeni haumwi popote. Hujiona mchangamfu kama mlevi, huku akishindwa kujumlisha hesabu ndogo. Huyo dawa yake ni kuvaa barakoa ya oksijeni au kushuka chini upesi.

Basi ikiwa mwanao anatamani kujifunza urubani pale Wilson jijini Nairobi, mweleze mapema kwamba mwili wake uliumbwa kwa ajili ya ardhi. Mawinguni aamini vipimo vilivyo mbele yake, hata kama kila mshipa unampinga. Kama hajafunzwa kuvitegemea, akiona mawingu yametanda mbele ageuze ndege kabla hajaingia. Akiwa na mafua yaliyoziba masikio, asiruke. Na pombe aiache mbali, kwa maana huvuruga majimaji yayo hayo ya sikioni.

Nawe abiria, rubani akikuambia safari imeahirishwa hadi kesho kwa sababu ya hali ya hewa, usimnung'unikie wala usimkumbushe harusi inayokungoja. Wahenga walituasa: kawia ufike.