Kuharibu Mali kwa Makusudi: Sheria Inapima Nini?

Transfoma ya kijijini ina vitu viwili vinavyotafutwa na wezi: waya wa shaba uliozungushwa ndani, na mafuta yanayoupoza na kuukinga. Mwizi wa mafuta hana haja ya kubomoa chochote. Anafungua koki, anajaza madumu, anaondoka. Umeme ukiendelea kupita, waya unapata joto kupita kiasi na kuungua. Kijiji kinabaki gizani, mashine ya kusaga inasimama, na jokofu la chanjo la zahanati linaanza kupoteza ubaridi. Mtu huyu ashtakiwe kwa wizi wa madumu mawili, kwa uharibifu wa mali, au kwa uhujumu uchumi?

Kwa Tanzania, tunaanzia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 326 kinamtia hatiani anayeharibu mali kwa makusudi na isivyo halali, na adhabu yake ya kawaida ni kifungo kisichozidi miaka 7. Kanuni hiyo tuliirithi kwa Waingereza mwaka 1945. Kenya, iliyopata ya kwake mwaka 1930, inatumia maneno yaleyale karibu yote, ila kifungo ni miaka 5.

Wengi huamini kwamba ukishavunja kitu cha mtu, jinai imekamilika. Sivyo. Sharti la kwanza ni kwamba uharibifu uwe wa makusudi. Dereva wa lori aliyesinzia akagonga nguzo ya umeme anaweza kushtakiwa kwa uzembe barabarani na kudaiwa fidia, lakini hakukusudia kuiangusha nguzo, kwa hiyo kosa hili halimhusu.

Sharti la pili, kwamba tendo liwe limefanyika isivyo halali, ndilo linaloangusha kesi nyingi za vijijini. Mtu amefyeka mahindi ya jirani yake huku akiamini kwa dhati kwamba shamba ni lake. Kifungu cha 9 cha Kanuni hiyohiyo kinamlinda aliyetenda kwa imani ya kweli kwamba ana haki juu ya mali, bila nia ya kudanganya. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba ugomvi wa nani mwenye ardhi haumalizwi kwa kesi ya jinai. Uende kwanza kwenye vyombo vya ardhi. Msimamo huo ni wa haki kabisa. Bila huo, mwenye uwezo wa kwenda polisi mapema angekuwa ndiye mshindi wa kila mgogoro wa mpaka.

Kwenye transfoma utetezi huo haupo, kwani hakuna atakayesema alidhani ni yake. Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, Sura ya 200, inayolihesabu kuwa kosa la uhujumu uchumi tendo la kuharibu mali inayotumika kutoa huduma ya lazima kwa umma. Kesi yake haisikilizwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 kifungo chake ni kati ya miaka 20 na 30. Mafuta ni yaleyale na koki ni ileile, lakini sheria sasa inapima hasara ya kijiji kizima, wala haiangalii bei ya dumu. Ninaunga mkono kipimo hicho.

Ninachotilia shaka ni imani kwamba ukubwa wa kifungo peke yake utazilinda nyaya. Upande wa mashtaka bado unapaswa kuthibitisha, pasipo shaka, kwamba shaba iliyokamatwa ilitoka kwenye miundombinu ile. Waya ukishachomwa ganda na kukatwa vipande, alama zimekwisha, na shahidi wa shirika la umeme anabaki kusema tu kwamba unafanana na wao. Wakati huo anayeingia gerezani mara nyingi ni kijana aliyebeba mzigo, na aliyeupima na kuulipia yuko kwenye yadi yake ya vyuma chakavu akisubiri mwingine.

Sheria ya kumfikia mnunuzi huyo tunayo. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinampa anayepokea mali ya wizi, huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kifungo cha hadi miaka 10, zaidi ya ile 7 ya mharibifu wa kawaida. Upelelezi wa kila transfoma iliyonyonywa uanzie kwenye mzani wa yadi.