Kujikanda Nyumbani: Uchovu Una Dawa, Lakini Si Kila Mguu wa Kuchuliwa

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa ni starehe ya watu wenye nafasi, nalo ni kuupumzisha mwili kwa kuukanda. Akina mama na akina baba wengi hufika zahanati wakisema, "Nesi, mwili wote unauma." Wakipimwa malaria, haipo. Wakipimwa damu, inatosha. Wanachoumwa ni uchovu wa kazi pamoja na mawazo. Uchovu wa namna hii mtu anaweza kuutibu nyumbani kwa mikono yake mwenyewe, ilimradi ajue mahali pa kukanda na mahali pa kuacha.

UCHOVU HUU UNATOKA WAPI?

Fikiria kazi zetu hapa Nyamwage na vijiji vya bonde la Rufiji. Mama hulima mpunga kwa jembe la mkono, mgongo umeinama tangu asubuhi. Mpunga ukianza kutoa masuke, huamkia kwenye dungu kuamia ndege. Wakati wa korosho huinama tena kuokota. Jioni anapokaa, watu husema amepumzika, kumbe anasuka ukili wa mkeka, shingo imeinama na vidole vinafanya kazi bila kituo. Baba naye hubeba magunia, au hukaa juu ya bodaboda kutwa nzima kwenye barabara kuu ya kwenda Lindi.

Juu ya kazi huja mawazo. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Kabla watu hawajatulia, tarehe 4 Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, na barabara ya kwenda mikoa ya kusini ikakatika. Aliyepoteza shamba la mpunga hulala akiwaza chakula, ada na deni, na mwili wake hauwezi kulala vizuri.

Mwaka 1936 mtaalamu mmoja wa Kanada, Hans Selye, aliandika kwamba mwili hujibu shida za aina nyingi kwa namna moja. Mtu akiogopa au akiwa na wasiwasi, mwili hutoa kemikali, mojawapo ikiitwa adrenalini. Moyo huenda mbio na misuli hukaza kana kwamba anataka kukimbia. Jambo hili ni jema kama unamkimbia nyoka. Lakini wasiwasi usioisha huifanya misuli ibaki imekaza. Ndipo shingo inapokuwa ngumu, kichwa kinauma upande wa kisogoni, tumbo linasokota na usingizi unapotea.

DESTURI YETU YA PWANI

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba mwili unataka kukandwa. Bibi harusi husingwa kwa liwa na mafuta mazuri, na somo wake huwa karibu. Mama aliyejifungua hukandwa na kutunzwa hadi zitimie siku arobaini. Hizi ni desturi za upendo.

Lakini tujiulize swali moja. Baada ya harusi na baada ya uzazi, ni nani anayemshika mama yule mabega? Miaka thelathini inaweza kupita akiwakanda wengine, akiwachua watoto na kumsugua mkwe miguu, na yeye asiguswe na mtu. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya miaka hiyo ya katikati. Imeandikwa pia kwa ajili ya zile siku arobaini, kwa sababu katika siku hizo ndimo zilimo hatari ambazo familia nyingi hazizijui.

KUKANDA KUNASAIDIA NINI?

Kukanda hulegeza misuli iliyokaza, hupunguza maumivu kwa muda, na hutuliza moyo na pumzi hata usingizi ukaja. Hiyo si faida ndogo. Lakini kukanda hakuponyi presha, kisukari, malaria wala kifua kikuu. Mwenye dawa za presha aendelee kuzimeza kila siku, hata kama baada ya kukandwa anajisikia mzima kabisa.

VIFAA UNAVYO TAYARI

Huna haja ya kusafiri hadi Kariakoo. Tazama nyumbani kwako:

1. Mafuta ya nazi au ya ufuta. Kazi yake ni kuufanya mkono uteleze. Mafuta ya taa yasitumike kamwe, maana huunguza ngozi.

2. Mpira mdogo. Wa tenisi ni mzuri, lakini hata ule wa watoto uliofungwa kwa soksi na vitambaa unafaa kama umekazwa vizuri.

3. Mchi wa kinu, au kile kijiti cha kusukumia chapati, kwa ajili ya nyayo.

4. Dodoki na jiwe la kusugulia miguu.

5. Taulo au kipande cha kanga nzito kilicholowekwa katika maji ya uvuguvugu na kukamuliwa.

6. Soksi safi iliyojazwa mchele mkavu. Pasha mchele katika kikaango kwanza, acha upoe kidogo, kisha uumimine katika soksi na kuifunga.

Kila kitu cha moto kipimwe kwanza upande wa ndani wa mkono wako. Kama mkono hauvumilii, mgongo nao usipewe. Wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa miguu yao inaweza kufa ganzi, wakaungua bila kusikia.

NAMNA YA KUJIKANDA

Chagua wakati wa jioni, baada ya kuoga. Dakika kumi zinatosha.

Kwanza, pumzi. Keti, funga macho. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe taratibu ukihesabu hadi sita. Rudia mara kumi.

Pili, mabega na shingo. Weka mkono wa kulia juu ya bega la kushoto, shika ile nyama kati ya shingo na bega, uibane na kuiachia polepole. Kisha geuza upande. Kwa kisogo, tumia ncha za vidole na uzungushe taratibu chini ya mfupa wa kichwa. Usibonyeze mbele ya shingo, maana hapo pana mishipa mikubwa ya damu. Wala usiivunje shingo hadi ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi.

Tatu, mgongo. Simama ukiupa ukuta mgongo, weka mpira kati yako na ukuta, kando ya uti wa mgongo wala si juu ya mfupa wenyewe. Egemea, kunja magoti kidogo na kuyanyoosha, mpira uzunguke. Ukipata mahali panapouma, tulia hapo kwa pumzi tano, kisha uhame.

Nne, nyayo. Kaa kwenye kigoda, weka mchi sakafuni, uuviringishe kwa unyayo kutoka kisigino hadi vidoleni. Usisimame juu yake, utaanguka.

Tano, viganja. Wasukaji wa ukili wakande nyama ya chini ya kidole gumba kwa gumba la mkono wa pili, kisha wavute kila kidole taratibu.

Mwisho, kukaza na kulegeza. Njia hii aliieleza daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1929. Ukiwa umelala, kaza miguu kwa sekunde tano, kisha iachie. Endelea na mapaja, tumbo, mikono, mabega hadi uso. Wengi hupata usingizi kabla hawajafika usoni.

Je, utajuaje kama umebonyeza kupita kiasi? Tazama pumzi yako. Ukijikuta umeizuia kwa maumivu, punguza nguvu. Alama za rangi ya zambarau kwenye ngozi siyo dalili kwamba "ugonjwa umetoka", bali ni mishipa midogo iliyopasuka.

USIKANDE HAPA

Ndugu msomaji, hata kama utasahau yote yaliyotangulia, tafadhali shika sehemu hii.

Mguu mmoja uliovimba. Tuseme mama amejifungua siku kumi zilizopita. Mguu wake wa kushoto umevimba, una joto na unauma katika shavu la mguu, yaani ile nyama ya nyuma chini ya goti. Mguu wa kulia uko sawa. Wazee kwa upendo wanachemsha maji na kuanza kuuchua. Hapo wasimame mara moja! Inawezekana damu imeganda ndani ya mshipa. Hatari hii ni kubwa wakati wa ujauzito, na ni kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza baada ya kujifungua, yaani karibu zile zile siku arobaini. Ukiuchua mguu huo, bonge la damu linaweza kung'oka, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua ghafla. Mama apelekwe hospitali, asitembezwe kwa miguu. Akianza kubanwa kifua, kuhema kwa shida au kukohoa damu, safari isingoje asubuhi. Tahadhari hii inamhusu pia aliyefanyiwa operesheni au aliyelala kitandani siku nyingi.

Tumbo la mjamzito. Asilikande mtu kwa kulibonyeza ili kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, damu ikamwagika, mama na mtoto wakapotea. Mgongo na mabega ya mjamzito yaweza kupapaswa kwa mkono mwepesi. Lakini akiumwa kichwa sana, akiona ukungu au akivimba uso na mikono, asikandwe. Apelekwe kupimwa presha, maana huenda kifafa cha mimba kiko njiani.

Maji ya moto kwa mzazi. Kumkanda kwa maji yanayotoa moshi kumewaunguza akina mama. Tumbo la uzazi hurudi lenyewe, na kunyonyesha hulisaidia. Maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi vinatosha. Aliyepasuliwa asiguswe kidonda.

Kifua kinachobana. Maumivu ya kifua yanayopanda bega la kushoto, mkono au taya, pamoja na jasho la baridi, yaweza kuwa ni moyo. Usipoteze muda kwa kuchua.

Mgongo wenye dalili nyingine. Kama kuna homa za jioni, kukonda, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo, fika hospitali. Kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo.

Mfupa uliovunjika, jipu na vidonda. Hivi ni kazi ya hospitali.

Watoto wadogo. Dawa za kuchua zenye kafuri zisipakwe watoto chini ya miaka miwili, wala zisiachwe mahali wanapofika. Kafuri ikimezwa ni sumu.

MASHINE ZA UMEME

Siku hizi zipo mashine za kukandia zinazouzwa madukani na hata kutembezwa mitaani. Zinazotetemesha misuli zaweza kumsaidia mtu mzima mwenye afya, akizitumia kwa dakika chache, mbali na shingo na mifupa. Zile zinazopitisha umeme kwenye ngozi zisitumiwe na wajawazito wala mtu aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Na muuzaji akikuambia kwamba mashine yake inaponya kisukari, presha na kiharusi, shika pesa yako vizuri uende zako.

ZAWADI GANI IMFAE MAMA?

Tumezoea kumpelekea mtu zawadi za sukari, sabuni na doti ya kanga. Ni nzuri, tuziendeleze. Lakini kwa bibi anayeumwa miguu, au kwa mama wa kazi nyingi, unaweza kufunga kapu dogo lenye chupa ya mafuta ya nazi, dodoki, jiwe la miguu, mpira mmoja na taulo safi. Watoto wa shule wanaweza kuushona mfuko wa mchele kwa mikono yao.

Hata hivyo, kapu hilo peke yake halitoshi. Mama hawezi kukaa na mpira wake ukutani wakati ndoo ni tupu, kuni hazijapasuliwa na mtoto analia. Kwa hiyo zawadi yenyewe hasa ni ile saa moja. Baba, jioni moja kwa wiki chota maji wewe, au mbebe mtoto. Binti na kijana, pikeni siku hiyo. Mwacheni mama aoge, apake mafuta, anyooshe miguu kwenye mkeka alioususka mwenyewe.

Na kama, pamoja na mapumziko hayo, mtu anakosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, halii chakula hamu, amekata tamaa au anasema afadhali kufa, hayo si mawazo ya kukandwa yakaisha. Huo ni ugonjwa kama mwingine, na una matibabu. Msimwache peke yake. Mfuatane naye hadi zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na ikibidi mfike Utete au hospitali yoyote mnayoweza kuifikia.

Basi ndugu wasomaji, leo jioni kabla ya kulala, kila mmoja aanze na zile pumzi kumi. Na katika nyumba yenye mzazi mpya, tazameni miguu yake yote miwili kila siku, tena muilinganishe.