Ngoma Kali Inatoka Kejani

Maze, wacha kungojea producer wa tao akupee slot. Huyo msee anakuitisha mathao, anachelewa, alafu anakuitisha tena ganji ya mastering yenye hajafanya. Keja yako ni studio. Billie Eilish na bro yake Finneas walirekodi albamu kwa bedroom ya kwao Los Angeles, na 2020 ikabeba Grammy ya Album of the Year. Bedroom, msee! Na wewe unalia ati bedsitter ni ndogo?

Mabuda watasema ni kelele. Ni hao hao waliita ngoma za genge za producer Clemo na Calif Records kelele. Leo zikigonga kwa harusi, wao ndio wa kwanza kuinuka. Wapotezee.

Software isikumalize doh. BandLab ni bure, ata kwa simu. Reaper unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu wa kawaida ni dola 60. FL Studio ya crack? Hapo unadownload virusi na bando yako mwenyewe. Unachoma.

Sasa maiki. Hapa ndio wasee hukulwa. Mtu anaingia maduka za Luthuli Avenue, anatoka na maiki ya condenser inawaka mataa kila rangi. Kwa picha inabamba. Shida ni hio kitu inaskia ploti mzima: jogoo ya landlord, mathee wa next door akisonga ugali, nganya ikipiga honi stage. Jogoo hajasaini contract, anafanya nini kwa chorus yako? Kwa ploti ya kelele, saka maiki ya dynamic. Shure SM58 iko kwa game tangu 1966 na bado inaheshimiwa. Feki pia ni mob, so chunga mfuko.

Tundika blanketi nzito nyuma yako. Maiki ipe dirisha mgongo. Rekodi usiku, jogoo akiwa amezima. Weka 24-bit, sauti ipige karibu -10 dB. Ikigonga red, rudia take. Hakuna plagini ya kufufua maiti.

Kumix? Anza na volume pekee. Ngoma ikikataa kukaa hapo, plagini haitakuokoa. Kwa vocals, kata low end chini ya 80 Hz ama 100 Hz. Huko chini ni mngurumo tu. Kick na bass zikipigania nafasi moja, punguza moja. Reverb weka kidogo, ama utaskika ni kama unarap ndani ya tangi ya maji. Na wacha kusukuma loudness hadi ngoma ipasuke. Spotify inairudisha karibu -14 LUFS (kipimo cha loudness), so hio nguvu yote ni bure.

Alafu lala. Masikio zikichoka zinadanganya. Asubuhi cheki mix kwa hedifoni, kwa simu, alafu bonga na kange akuwekee kwa nganya kabla ijae. Subwoofer ya nganya haina huruma: bass ikimeza verse, rudi kejani urekebishe.

Stima iko? Basi rekodi verse leo. Ngoma moja imetoka inashinda folder mzima ya "final final 2". Na jogoo akiingia tena kwa take, funga dirisha, usifunge ndoto.